Nukta za tai dhahabu zinaporuka na kukatika kwenye ramani

Swali: Ninafuatilia kwenye ramani tai dhahabu mchanga aliyevishwa kifaa cha setilaiti huko Alaska, ambaye mwezi Oktoba alikuwa akishuka kusini. Siku moja nukta yake iliruka mamia ya kilomita nje ya njia, iliyofuata ikarejea; kisha pakawa kimya siku tisa. Je, kifaa kimeharibika, au ndege amekufa?

Jibu: Umeeleza mambo mawili yenye sababu tofauti, na hakuna hata moja kati yake linalothibitisha kifo.

Mruko huo ni wa hesabu, si wa ndege. Mfumo wa Argos, unaotumika tangu 1978, hukadiria mahali kifaa kilipo kutokana na jinsi masafa ya mawimbi yake yanavyobadilika setilaiti inapokikaribia na kukiacha, yaani athari ya Doppler. Hesabu hiyo huzaa majibu mawili, moja kila upande wa njia ya setilaiti, na likichaguliwa lisilo sahihi, tai huonekana amehama mbali bila kupiga bawa. Kwa hiyo soma daraja la kila nukta: daraja la 3 lina kosa linalokadiriwa kuwa chini ya mita 250, la 0 huzidi mita 1,500, nayo A na B hayana makadirio kabisa, ingawa mimi siyatupi iwapo yanaoana na nukta za jirani. Vifaa vyenye GPS havina tatizo hili.

Kimya kinahitaji uangalifu zaidi. Kifaa hubebwa mgongoni kwa mikanda, na kwa desturi uzito wake hauzidi asilimia 3 ya uzito wa ndege, jambo linalolazimisha betri iwe ndogo na itegemee paneli ya sola. Manyoya yakiifunika, au mawingu yakitanda katika siku fupi za kaskazini, umeme hupungua hadi kifaa kinajizima. Vile vinavyotuma kupitia mtandao wa simu vina sababu nyingine: huhifadhi data ndege anapokuwa milimani pasipo mnara, kisha huimwaga yote kwa mkupuo, nawe utaona siku tisa zikijijaza zenyewe.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni nukta zinazoendelea kuja lakini zikarundikana mahali pamoja, huku kihisi mwendo hakibadiliki. Tai husafiri mchana akibebwa na hewa inayopanda miteremkoni, na hali mbaya ya hewa inaweza kumkalisha siku kadhaa. Lakini ndege aliyetua bado hugeuka na kujichokoa manyoya, na kihisi hulionyesha hilo. Kikitulia kabisa, ama amekufa au mikanda imekatika, na ni mtu wa kwenda kwa miguu tu awezaye kutofautisha.

Kwa tai wako, anza na volti zilizorekodiwa kabla ya kimya. Zikiwa zilishuka polepole, subiri jua. Zikiwa zilikuwa juu na mawimbi yakakatika ghafla, waarifu waliomfunga kifaa na uwape nukta ya mwisho yenye daraja zuri.