Jibu: vidonge vya estrojeni kwa mama wa miaka 53
Wa alaykumu salaam dada. Umeuliza kama mama atumie vidonge vya estrojeni, homoni ya kike, kwa dalili za kukoma hedhi. Kama bado ana kizazi na duka la dawa hapo Wete limempa estrojeni peke yake, asivianze hivyo vidonge. Estrojeni bila projesteroni, homoni nyingine ya kike inayolinda kizazi, hunenepesha ukuta wa kizazi, na hapo ndipo saratani hupata njia. Aliyetolewa kizazi ndiye huitumia peke yake.

Homoni hizo mbili zikiwa pamoja, joto la ghafla na jasho la usiku hupungua sana, na mifupa hulindwa. Umri wake unafaa, hajafika 60. Ila apimwe presha, na daktari aambiwe kama aliwahi kupata saratani ya titi, kiharusi au damu kuganda mguuni. Tatizo likiwa ukavu wa uke tu, krimu ya estrojeni ya ukeni yatosha. Damu ikirudi baada ya mwaka bila hedhi, aende hospitali upesi, tafadhali.