Mwaka wa vasi za David

Uliyeuliza kuhusu vasi za David, zile vasi mbili za kauri ya Kichina ya buluu na nyeupe zilizopewa jina la mkusanyaji Percival David, kwamba mwaka 1351 wa kutengenezwa kwake wameutoa wapi wakati kitakoni hakuna muhuri wa tarehe: usiangalie chini, angalia shingoni. Pale kwenye majani ya mgomba yaliyochorwa kuna maandishi ya Kichina. Bwana mmoja, Zhang Wenjin, anaeleza kwamba ametoa vasi hizi mbili na chetezo kwa hekalu la Kidao, dini ya jadi ya Kichina, akiombea familia yake salama, kisha anataja tarehe: mwaka wa 11 wa enzi ya Zhizheng, jina la kipindi cha utawala wa mfalme wa China wa wakati huo. Huo ndio 1351. Chetezo chenyewe kilishapotea.

Na ulivyouliza kama buluu itabanduka ikifutwa: hapana. Ilichorwa kwa kobalti, madini ya kutoa rangi ya buluu, iliyotoka Iran, juu ya udongo mkavu, ndipo ikafunikwa tabaka lile linalong'aa kama kioo na kuchomwa Jingdezhen, mji wa kauri nchini China, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,200. Rangi imefungiwa ndani.

Ukifika British Museum, London, zilipo vasi hizi, tazama vipini: ni vichwa vya tembo. Zamani vilikuwa na pete zinazoning'inia, sasa hazipo. Mimi huwa natazama hivyo kuliko hata joka lililochorwa kwenye vasi.