Homestead, Florida: pana la kufanya au ni pa kulala tu?

*Shikamoo anti. Mimi msomaji wako, niko Atlanta, kwetu Tanga. Mama yangu anakuja Disemba, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, na hii ndo mara yake ya kwanza kuja Marekani. Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 9. Binamu yangu anasema tumpeleke Miami akaone bahari, nikacheki bei za hoteli za ufukweni nikaizima simu. Nikaona Homestead na Florida City, kusini mwa Miami, kidogo zinalipika, ila kila ninayemuuliza ananiambia kule ni pa kulala tu, asubuhi unaamka unaenda zako visiwa vya Keys. Kweli hamna kitu? Watoto nao wameona YouTube zile boti zenye feni kubwa nyuma wanataka hizo hizo. – Mama Wawili*

Marahaba mdogo wangu. Kwanza, mtu wa Tanga unampelekaje akaone bahari? Bahari anayo! Mpeleke akaone kitu ambacho Tanga hakipo.

Hao wanaokuambia ni pa kulala tu siwalaumu sana, maana ukifika na barabara ya US-1 unachokiona ni vituo vya mafuta, hoteli za ghorofa mbili na migahawa ya baga, ndo barabara kuu ya kulipia inaishia pale Florida City na kila mtu anakimbilia Key Largo, kisiwa cha kwanza cha Keys. Na mji wenyewe uliwahi kufutwa, Agosti 24 mwaka 1992 kimbunga Andrew kilipita hapo hapo juu yake, ukali daraja la 5, kikabomoa nyumba kibao pamoja na kambi ya jeshi la anga, kwa hiyo usitegemee majengo ya kale mtaa kwa mtaa. Lakini huo mji umekaa katikati ya hifadhi mbili za taifa, upande wa magharibi Everglades na upande wa mashariki Biscayne, na kaskazini yake kidogo kuna mashamba ya matunda yanaitwa Redland. Mimi nilienda nikijua nalala usiku mmoja, nikalala minne.

Siku ya kwanza nenda Everglades, na uende asubuhi. Kabla hujatoka jaza mafuta, beba maji na chakula, maana ukishapita geti hukuti duka la maana mpaka mwisho wa barabara kule Flamingo ambako ni maili 38 kutoka getini. Kiingilio ni dola 35 kwa gari na kinatumika siku 7, beba kadi, noti hawataki. Sasa nisikilize hapa vizuri kwa sababu ya mama: tangu Januari 2026 wageni wasio wakazi wa Marekani, kuanzia miaka 16, wanaongezewa dola 100 kila mtu kwenye hifadhi 11 na Everglades imo. Wewe unayeishi huko haikuhusu, mama inamhusu. Angalia tovuti ya hifadhi kabla ya safari, na uangalie na ile pasi ya mwaka, ili usije ukaanza kubishana getini mama yako anasikiliza.

Ukishaingia usikimbilie mbali. Maili 4 tu kuna sehemu inaitwa Royal Palm na pale pana njia ya miguu inaitwa Anhinga Trail. Haifiki maili moja yote, sehemu lami sehemu ubao juu ya maji, kitimwendo kinapita bila shida, kwa hiyo magoti ya mama yasikutishe. Disemba ni kiangazi cha kule, maji yanaanza kupungua huko porini na wanyama wote wanasogea kwenye vidimbwi vilivyobaki, ndo maana unasimama pale kwenye ubao unakuta aligeta, ndugu wa mamba, wamelala kama magogo, kasa wamepangana juani, na huyo ndege anhinga mwenyewe, ndugu wa mbizi wetu, katoka kuchoma samaki kwa mdomo sasa kafungua mabawa anajianika kama nguo kwenye kamba. Waambie watoto wakae mbali na aligeta angalau futi 15, na asitupiwe hata punje ya popkoni.

Ila gari! Ukifika paking pale Royal Palm usicheke ukikuta magari yamefunikwa maturubai. Kuna tumbusi, wale weusi, wana ugonjwa wa kula raba, raba za waipa, raba za vioo, wanadonoa mpaka wamalize. Hifadhi wameweka maturubai na kamba pale pale bure. Mimi nilijifanya mjanja nikasema dakika kumi tu, nikarudi nikakuta tumbusi wawili juu ya boneti na waipa moja inaning'inia. Funika gari.

Kwa mtazamo wa mbali simamisha gari sehemu inaitwa Pahayokee, kuna kijukwaa kinachopandika hata na mtu wa magoti. Pale ndo utaelewa Everglades ni nini, maana watu wanafikiria ni bwawa bovu lenye matope, kumbe ni mto. Maji yalikuwa yanatoka ziwa Okeechobee yanashuka kusini taratibu mno, kina kifupi, upana unafika maili 60, nyasi zimesimama ndani yake mpaka upeo wa macho. Nazo siyo nyasi hasa, ni jamii ya ndago na mafunjo, jani lake lina meno kama msumeno, usilivute kwa mkono. Siku hizi mifereji imeyakata maji njiani na wako kwenye mradi wa kuyarudisha tangu mwaka 2000. Kabla hujafika Pahayokee utapita kibao kimeandikwa Rock Reef Pass, mwinuko futi 3. Futi tatu jamani, na wameweka kibao! Mtu anayeijua Lushoto atacheka mpaka machozi, ila kule inchi chache za mwinuko ndo tofauti ya maji na msitu, ukiona kisiwa cha miti katikati ya ndago ujue hapo ardhi imeinuka kiasi cha goti.

Mkifika Flamingo ndo mtakutana na mikoko na maji ya chumvi, mama atajihisi yuko Mtang'ata kule kwenu Tanga. Angalia majini kwenye gati la boti, wanakuja manatii, hawa ni ndugu wa nguva kabisa, wanene, wapole, wanatoa pua tu kuvuta hewa. Na hapo hapo kuna mamba, mamba wa kweli siyo aligeta, yeye ana rangi ya kijivu na pua nyembamba na akifunga mdomo jino la chini bado unaliona. Kusini mwa Florida ndo sehemu pekee duniani hao wawili wanaishi pamoja porini. Kituo cha wageni cha pale kina jina la Guy Bradley, alikuwa askari wa kulinda ndege wa porini, aliuawa kwa risasi mwaka 1905 na mwindaji, kisa manyoya, wamama wa New York walikuwa wanavaa manyoya ya yangeyange kwenye kofia. Mtu kafa kwa ajili ya urembo wa kofia.

Boti za feni: katika upande huu wa hifadhi hutazipata, ziko nje, kuna shamba la aligeta karibu na Homestead na nyingine ziko barabara ya Tamiami Trail kama saa moja kwa gari. Watoto watafurahi sana na mama atasikia masikio yanawasha. Mimi nilipanda mara moja, ndege wote walikimbia, nikaona maji tu. Kama hela ni ya kubana, peleka watoto na baba yao, wewe na mama mkae kwenye matunda.

Matunda sasa! Njia ile ile ya kwenda Everglades, kona ya mtaa wa 344, kuna banda linaitwa Robert Is Here. Mwaka 1959 mzee mmoja mkulima alimweka mtoto wake wa miaka 6 pembeni ya barabara auze matango, magari yakampita hayamuoni, kesho yake baba akaandika ubao mkubwa Robert yuko hapa, matango yakaisha. Huyo Robert kakua na biashara mpaka leo ina jina lile la ubao. Wanasaga milksheki za matunda yao, agiza ya stafeli. Na hiyo key lime wanayoringia Florida nzima, mama akiionja atakuambia we mtoto mbona hii ndimu, na atakuwa sawa, ni ile ile ndimu yetu ndogo. Kama mama ana nguvu bado, Fruit & Spice Park kule Redland ina ekari 37 za mifenesi, miembe na miti ya viungo. Usichume, ila kilichoanguka chenyewe wanakuruhusu kuonja.

Siku ya pili Biscayne, haina kiingilio kabisa, hata kwa mama. Asilimia 95 ya hifadhi ni maji kwa hiyo kama hamtaki kulipia boti mnakaa kwenye kituo cha wageni, mnatembea gatini kwenye mikoko, basi. Lakini msimulie mama habari ya familia ya Jones. Mwaka 1897 hivi, mtu mweusi anaitwa Israel Jones alinunua kisiwa pale kwenye ghuba, akalima mananasi na ndimu, akatajirika, na wanawe wawili akawapa majina King Arthur na Sir Lancelot, ndo majina yao ya cheti hayo. Lancelot alibaki kisiwani anaongoza matajiri kuvua samaki, wawekezaji walipokuja kutaka kujenga hoteli na bandari akakataa kuwauzia, akaiuzia serikali mwaka 1970 ili pabaki hifadhi, akaendelea kuishi pale mpaka kile kimbunga Andrew kilipomtoa. Kwangu mimi hiyo stori inashinda boti yoyote.

Jioni kama kuna muda pitieni Coral Castle. Mlatvia mmoja mfupi, Edward Leedskalnin, mwembamba kama fimbo, alichimba na kuchonga mawe ya tani 1,100 peke yake kwa miaka 28, usiku, hataki mtu amwone, inasemekana ni kwa ajili ya mchumba aliyemkataa siku moja kabla ya harusi. Wanaita kasri la matumbawe ila jiwe lenyewe ni chokaa, mtu wa pwani ukiligusa tu unajua. Kiingilio kipo, na watoto siyo lazima muwapeleke. Kula chakula cha Meksiko barabara ya Krome, wafanyakazi wa mashamba ya huko wengi wanatoka Meksiko na Guatemala kwa hiyo tamale na tako ni za nyumbani kwao kweli, siyo za maonyesho.

*Sasa anti, mimi niko Miami nasoma, kwetu Mombasa, gari sina na Uber ya kwenda huko naskia itanimaliza. Naweza fika hizo Everglades kivyangu? – Mwanafunzi Asiye na Gari*

Unaweza mwanangu, ila uamke mapema. Chukua treni ya Metrorail mpaka mwisho wa kusini, Dadeland South, hapo kuna mabasi yanayopita barabara yao wenyewe ya South Dade TransitWay mpaka Homestead na Florida City, hayakai foleni. Kutoka pale, misimu ya baridi manispaa ya Homestead imekuwa ikiendesha basi dogo la bure wikiendi, linatoka Losner Park katikati ya mji kwenda hifadhi zote mbili, wapigie kwanza uhakikishe msimu huo lipo. Kama halipo, basi la umma linakubali baiskeli, na Florida City hadi getini ni kama maili 11 za barabara tambarare kama meza, hakuna mlima, hakuna kivuli pia. Maji lita tatu. Mimi kwa umri wangu siwezi ila wewe mtoto wa Mombasa joto unalijua.

*Anti mi nimepata tiketi ya bei chee ya Agosti, hoteli nazo zimeshuka nusu. Kuna ubaya? – Mpenda Ofa, Minneapolis*

Ofa ina sababu. Agosti ni masika ya kule, maji yamejaa kila kona kwa hiyo wanyama wametawanyika, mvua ya radi inashuka kila alasiri kama ina saa ya ukutani, na msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30. Halafu mbu. Mtu wa kwetu anadhani anawajua mbu mpaka ashuke kwenye gari Flamingo mwezi wa nane, nimeona mtu mzima kafungua mlango, kaufunga, kageuza gari.

Ila kama tiketi huwezi kuirudisha, uje kwa ajili ya tumbo. Embe za mwisho mwisho zipo, maparachichi yale makubwa ya kijani yameanza, na fenesi linauzwa zima, unalikuta mpaka kwa wanaouza pembeni ya barabara Redland. Ingia Everglades saa kumi na mbili asubuhi, piga picha ukiwa umevaa shati la mikono mirefu, saa tatu uwe umetoka. Ile bekari ya Knaus Berry Farm ya mikate ya mdalasini usihangaike nayo, wanafungua kama Novemba mpaka Aprili, na Jumapili hawafungui kabisa. Na fenesi ukinunua omba wakukatie pale pale, utomvu wake kwenye gari la kukodi utakugombanisha na watu.