Kwa aliyeuliza marubani wa vita ya Amin wanakumbuka nini uzeeni

Mkuu umeuliza kama marubani wetu wa Tanzania waliopigana na Idi Amin wa Uganda 1978/79 bado wanawaota watu waliopigwa na mabomu yao. Mimi nimeishi na mmoja, mjomba wangu, kaka yake mama tumbo moja, alirusha ndege za kivita enzi hizo na sa hivi anafuga kuku Morogoro. Nilikaa kwake miaka minne nikiwa shule, so nitasema niliyoyaona tu.

Picha za vita hana hata moja ukutani. Medali iko kwenye kopo la biskuti pamoja na risiti za maji. Urubani alijifunzia China akiwa kijana mdogo na mpaka leo mayai anahesabu Kichina, ukimkatisha anaanza upya na matusi juu.

Wageni wakimchokoza kuhusu vita anawapa ya Saanane, hiyo anaipenda balaa. Machi 1979 Gaddafi wa Libya kamsaidia Amin na lile dege la mabomu Tu-22, likaja Mwanza kutafuta matangi ya mafuta, likakosa, mabomu yakaangukia kisiwani Saanane yakaua swala. "Swala wa watu, Kampala kwenyewe hawakujui!" Hapo anacheka mpaka anakohoa.

Sasa hao waliopigwa, nilimuuliza siku moja tunabadilisha pumba bandani. Akasema mpwa, kule juu unaangalia geji ya mafuta kuliko unavyoangalia chini, unaachia, unageuza, unawaza kufika. Basi. Ila mama aliniambia walishawahi kwenda harusini Kampala kwa basi, kufika Masaka, ule mji jeshi letu liliusambaratisha Februari 1979 kulipiza yale jeshi la Amin lililoyafanya Kagera, wenzake wameshuka kununua gonja, zile ndizi za kuchoma, yeye kang'ang'ania kwenye siti, kiu inamuua na hashuki.

Kinachomsumbua kweli, kwa ninavyomsoma mimi, ni Musoma. Hii nimeisikia kwake mara moja tu, umeme umekatika. Mwanzoni mwa vita ndege zetu tatu zinarudi Mwanza zikapita juu ya Musoma, watu wetu wenyewe wa chini wakadhani ni za Amin, wakazitungua zote tatu. Na usiwalaumu haraka, Amin ana ndege za kivita za MiG sisi tuna MiG, mlio ni uleule, na Bukoba ilishapigwa kutoka angani kwa hiyo kila mtu kidole kiko kwenye kifyatulio. Mjomba aliwajua wale marubani. Alichosema ni "walikuwa wanarudi nyumbani", akairudia, halafu akaniambia nikaangalie kama jiko la mkaa la vifaranga halijazima.

Hapo ndo nikaelewa kituko chake kimoja ambacho tulikuwa tunamcheka sana. Mzee akirudi usiku, bodaboda inamshusha mbali, anasimama kwenye michongoma anaita "Ni mimi narudi!", hasogei mpaka anti, mke wake, aitike. Mlinzi hana, mbwa hana, majirani wote wanamjua, lakini haingii, hata mvua inyeshe.

Mwaka jana nimeenda kumsalimia, tukachelewa msibani, tumerudi kama saa tano hivi. Kufika pale michongomani, kabla mzee hajafungua mdomo, nikajikuta nimeita mimi. Anti akaitikia ndani, "Haya, piteni."