Mzee, Yale Matundu Nilikuandikia

Jumapili jioni nilipata ujumbe kutoka kwa nambari niliyokuwa nimeifuta: "Fundi, habari za siku. Zile picha za ukuta wa ngazi kabla ya plasta bado unazo?" Hakuna pole, hakuna samahani. Ni yule mzee mwenye jengo upande wa Free Area hapa Nakuru, maduka chini na vyumba vya kupanga juu, aliyenitoa saiti mbele ya vibarua wangu kwa sababu nilikataa kunyamaza kuhusu matundu ambayo mafundi walikuwa wanatoboa kwenye ukuta na sakafu zinazotakiwa kuzuia moto. Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akauliza kuna nini.

Picha nimempa, tena bure. Injinia aliyeitwa kukagua jengo anataka kujua ndani ya ule ukuta kuna nini, na aliyekuwa akipiga picha kila jioni ni mimi. Sasa kwa kuwa wengi mnaonisoma mna ploti na mpango ule ule, hoteli na agrovet na M-Pesa chini, bedsitter juu, kodi iingie kila tarehe tano, wacha niwaambie kilichotokea. Labda mtanisikia kuliko mzee.

Msingi, nguzo na silabu, yaani sakafu ya zege ya juu, navipita, vilienda vizuri. Shida ilianza jengo lilipokaribia kwisha na mafundi wa mwisho mwisho wakaingia.

Ukuta niliokuwa nautetea ni ule unaotenganisha maduka na ngazi. Mpangaji wa juu hana njia nyingine ya kutoka, hizo ngazi ndizo zake. Kwenye ramani uliandikwa dakika 120 za kuhimili moto. Maana yake ukuta wa aina hiyo ukipimwa kwenye tanuri, ambalo kwa dakika 60 tu hufika nyuzi 945 za joto, lazima usimame, usipitishe mwali, na upande wa pili usipande joto kwa wastani wa zaidi ya nyuzi 140. Mawe mazuri ya sentimita 20, yaliyojengwa na kupigwa plasta pande zote, hayana wasiwasi na hilo. Mzee alilipia mawe mazuri. Ndiyo maana nilikasirika.

Kwanza alikuja fundi bomba. Mabomba ya vyoo vya juu, PVC ya inchi nne, yalitakiwa kushuka ndani ya dakti, ile njia ya mabomba iliyojengwa kwa kazi hiyo. Yeye akaona njia fupi: akatoboa silabu juu ya jiko la hoteli, akakata na nondo moja kwa grainda, akapitisha bomba, kisha akajaza pembeni foamu ya kupuliza. PVC huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi. Moto wa mafuta ya kukaangia ukipanda pale, bomba linaanguka, foamu inaungua, na unabaki na dohani inayoelekea chumbani mwa mtu aliyelala. Dawa yake ipo na haina uchawi: kola ya chuma yenye kitu ndani kinachofura kikipata joto na kulibana bomba linapoyeyuka. Kwenye silabu inafungwa upande wa chini, kwenye ukuta inafungwa pande zote mbili. (Kuna msomaji wa Kondele aliyeniuliza kama foamu ya dukani inatosha. Haitoshi, ndugu yangu.)

Nilipomweleza mzee kuhusu kola, akasema nataka kumuuzia vitu. Nikameza.

Kilichonitoa saiti ni mezanini, ile sakafu ya ziada ndani ya duka. Mpangaji wa duka la kona, muuza magodoro, alitaka kugawa duka lake juu na chini, kama wanavyofanya wote mjini. Akaleta mtu wake wa kuchomelea, tena usiku. Asubuhi napanda ngazi naona kiraka kibichi cha plasta kwenye ukuta, upana wa sahani. Nikagonga kwa kidole, kikalia wazi kama debe. Nikakikwangua kwa mwiko. Nyuma yake kulikuwa na gazeti lililokunjwakunjwa, na nyuma ya gazeti ncha ya bimu ya chuma, imetokeza hadi upande wa ngazi. Nafasi pembeni yake iliingia ngumi yangu. Na bimu hazikuwa moja.

Tundu ni jambo moja, na bimu yenyewe ni jambo jingine. Chuma hubeba joto kulipeleka upande wa pili hata kama umeziba vizuri. Kikifika nyuzi 600 hivi, nguvu yake imeshuka hadi karibu nusu. Halafu chuma hurefuka: bimu ya mita 6 ikipanda nyuzi 500 inaongezeka karibu sentimita 4, na ikiwa imebanwa ukutani inausukuma ukuta. Baadaye inalegea, inaanguka na kuuvuta. Kwa hiyo mezanini ya muuza magodoro ingeweza kuangusha ukuta wa ngazi za watu ambao hata hawamjui.

Nikayaandika yote kwenye daftari la saiti, na picha. Nikashauri bimu zikae juu ya nguzo zake zenyewe ndani ya duka, ukuta usiguswe. Na kama hakuna budi zipite, zivikwe bodi ya kuzuia moto pande zote mbili, pengo lijazwe rokiwuli (sufi ya mawe isiyoungua) iliyoshindiliwa, juu yake silanti ya moto, yaani gundi ya kuzibia inayokubali kunyumbuka, na ncha iachiwe nafasi ya kurefuka. Mzee alisoma, akafunga daftari, akaniambia, "Kijana, wewe umekuja kujenga au kunitisha?" Kufikia saa nne nilikuwa nimekusanya vyombo vyangu. Vibarua niliowafundisha kupima timazi walikuwa wananiangalia. Hilo bado linaniuma, siwezi kudanganya.

Jamani, tuache kuficha matundu. Hizi Kanuni za Ujenzi za 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968, si za Nairobi peke yake, na wewe mwenye ploti Nyamasaria au Kiamunyi zinakuhusu. Unalipa mamilioni kwa mawe halafu unamruhusu fundi stima wa siku moja ayatoboe bila kumuuliza mtu? Acheni! Kila tundu lichorwe kabla ya silabu kumwagwa. Mtu mmoja awe na ufunguo wa matundu, asitoboe yeyote bila yeye. Na lipigwe picha kabla halijafunikwa. Nimesema picha? Narudia, picha. Mpangaji wako akitaka mezanini, mkataba useme wazi ukuta si wake. Soketi za pande mbili zisitazamane mgongo kwa mgongo, maana hapo ukuta umebaki ganda. Kondwiti, yale mabomba ya kupitishia nyaya za stima, nazo zizibwe hadi ndani ya mdomo wake, moshi hauhitaji mlango.

Na nyinyi wa maduka ya safu, yale ya chini tupu niliyoyaona Mumias na Bungoma, msidhani haya hayawahusu. Kuta zenu nyingi zinaishia kwenye dari, na juu ya dari paa ni moja kutoka duka la kwanza hadi la mwisho. Moto ukishapanda huko unatembea juu ya vichwa vya majirani kabla hawajanusa moshi. Pandisheni ukuta ufike chini ya bati, au bora zaidi ulipite. Mwambie fundi wa paa akate mbao pale ukutani, kila upande ukalie wake, na pale bati linapopanda na kushuka mtie rokiwuli. Atawaletea magunia ya simiti yaliyoisha, ayasokomeze pale. Mrudisheni juu ayatoe.