Kabla hujafungua kava la klachi

Kijana akija karakanani kwangu hapa Mtwara kujifunza pikipiki, simpi spana siku ya kwanza. Namwambia ashike liva ya klachi ya kila pikipiki inayoingia, aivute polepole kwa vidole viwili, aniambie inaanza kukaza ikiwa imefika wapi. Wengi wanaona nawapotezea muda. Sawa, lakini nusu ya kesi za klachi nimezimaliza papo hapo, kwenye liva, bila kufungua boliti hata moja.

Mteja atakwambia "fundi, klachi imeisha". Hana kosa. Yeye anachojua ni kwamba injini inalia na pikipiki haisogei. Lakini klachi inayoteleza ina sababu tatu za kawaida: waya umekazwa mno, oili siyo yake, au kweli pleti (mabamba ya duara yanayobanana kupeleka nguvu ya injini kwenye tairi) zimelika. Anza na ya bei rahisi.

Waya kwanza. Ncha ya liva inatakiwa icheze kama milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta kitu. Ikiwa haichezi kabisa, ujue pleti hazibanwi sawasawa hata dereva akiwa ameachia liva. Ni kama mtu anayeendesha huku ameshikilia klachi kidogo kutwa nzima. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, naziona sana hizi: bodaboda kabeba magunia mawili, klachi ikaanza kuteleza, akasimama njiani akaukaza waya akidhani ndiyo dawa. Kumbe ameongeza ugonjwa. Waya ukilegea mno ndiyo kesi ya upande wa pili: gia zinaingia kwa kelele, nyutro haipatikani, na pikipiki inataka kuondoka wakati liva imevutwa mpaka mwisho.

Sasa oili, na hapa nisikilize vizuri kidogo. Klachi ya gari dogo la gia za mkono iko pakavu, nje ya injini. Ya pikipiki zetu nyingi imezama ndani ya oili ileile inayolainisha injini na giaboksi. Watengenezaji wa oili za magari huweka vitu vya kupunguza msuguano ili gari linywe mafuta kidogo. Kwa gari ni faida. Kwa klachi inayoishi kwa msuguano ni sumu. Ndiyo maana Wajapani waliweka viwango vyao mwaka 1998, na hadi leo kopo la oili nzuri ya pikipiki huwa limeandikwa JASO MA au MA2. Ukiona MB, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake haigusi oili ya injini. Duka likikupa kopo lenye picha ya gari zuri na bei ya chini, geuza nyuma usome. Nilishamwagia mteja oili sahihi mara mbili mfululizo, akazunguka nayo siku chache katikati, na klachi "iliyokwisha" ikarudi kubana. Si zote zinarudi. Zilizoungua haziponi.

Nitakwambia nilijifunzaje kuungua kwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini, jamaa mmoja anayesomba korosho za Nanyamba alikuja saa kumi jioni, anataka kesho alfajiri awe barabarani. Nikatoa pleti mpya kwenye karatasi yake, nikazipanga zikiwa kavu, nikafunga kava, nikajaza oili. Ikaenda vizuri sana. Siku ya tatu akarudi akiisukuma. Nilipofungua, harufu ilikuwa kama kucha iliyochomwa, na pleti za chuma zilikuwa na mabaka ya bluu kama shingo ya njiwa. Pleti mpya zilikuwa hazijanywa oili, zikaanza kazi na mzigo mgongoni zikiwa kavu. Nilinunua seti nyingine kwa hela yangu. Tangu hapo nina kopo la siagi lenye oili safi, pleti mpya zinalala humo usiku kucha. Mteja ana haraka? Angalau masaa machache, akanywe chai.

Ukishafungua, usikimbilie kutoa. Piga picha kwa simu, maana kwenye baadhi ya pikipiki pleti ya mwisho inakaa kwenye mkato wake tofauti na wenzake, na saa moja baadaye hutakumbuka. Toa moja moja, zipange kwenye gazeti kwa mfuatano. Klachi pleti, zile zenye tabaka la msuguano zinazopishana na za chuma, kwa pikipiki ndogo zikiwa mpya huwa karibu milimita 3. Nikipima nikakuta chini ya 2.6 nabadilisha seti nzima, ingawa kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Za chuma zilaze juu ya kioo. Mimi natumia kipande cha dirisha lililovunjika. Bonyeza ukingo kwa kidole: ikicheza kama sufuria iliyobonyea kitako, imepinda. Fila (kipimo cha kibati chembamba) ya milimita 0.2 ikipita chini yake, itupe.

Kapu la klachi, lile ambalo pleti zinakaa ndani yake, wengi hawaliangalii. Pitisha ukucha kwenye vidole vyake, pale masikio ya pleti yanapogonga. Ukihisi ngazi, yaani vishimo vilivyolika, pleti zinanasa humo na haziachani vizuri, hata ukiweka mpya. Ngazi ndogo unaipitisha tupa laini. Zikiwa zimezama sana, kapu jipya, na hiyo unamweleza mteja mapema kabla hajaona bei.

Springi badilisha zote kwa pamoja. Boliti zake ni ndogo na zinaingia kwenye aluminiamu, kwa hiyo kaza kwa mshazari, kidogo kidogo, kwa mkono mwepesi. Nimeshaona mtu akizikaza kama nati za tairi, nguzo ikakatika mkononi.

Na kwa kuwa kava liko wazi, safisha kile kikombe cha kuchujia oili kilicho mwishoni mwa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), kwa pikipiki zilizo nacho. Utakuta tope jeusi, zito kama ugali wa jana. Gasketi ya zamani usiikwangue kwa bisibisi; mkwaruzo mmoja tu na mteja atarudi na mguu uliojaa oili.

Wale wanaopeleka abiria Msimbati, mchanga ule ndio mla klachi mkubwa kuliko hata mlima wa kupandia Newala kutoka Masasi. Dereva anashika klachi nusu, anapiga resi, anasubiri ijitoe. Mwambie ashuke gia, aachie liva yote, na abiria ashuke kidogo ikibidi. Atanuna, lakini mwambie.

Ukimaliza kufunga, endesha mwenyewe, bila mzigo, kilomita chache. Tia gia ya juu kwenye mwendo mdogo, fungua mafuta ghafla: mlio ukipanda na mwendo ukabaki palepale, bado inateleza. Kisha iache ipoe, ushike liva tena kwa vidole viwili. Pleti mpya hujilaza kidogo, waya unabadilika. Mteja aje baada ya siku tatu uupime upya, bure.