Kabla hujamhukumu nguruwe wako, jua kwanza ni tegu gani

Desemba mwaka juzi nilichinja nguruwe wangu wa kwanza wa biashara, nyumbani Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania. Mnunuzi alikuwa ameshamkagua akiwa hai kama tulivyozoea huku kwetu: kamba miguuni, kijiti mdomoni, kitambaa mkononi, ulimi unavutwa na kupapaswa chini kutafuta vinundu. Hakuona kitu. Tumbo lilipopasuliwa, kwenye utando wa mafuta unaofunika utumbo vilikuwa vinaning'inia vifuko vitatu vya maji. Kimoja kilikaribia ukubwa wa yai la kuku, kinapitisha mwanga, na ndani yake kuna doa moja jeupe. Mnunuzi akaweka kisu chini. "Mama, huyu ana tegu. Sichukui."

Habari iliwafikia majirani kabla nyama haijapoa. Hasara iliniuma, lakini kuna neno lililoniuma zaidi. Mtoto wa mdogo wangu, ambaye ninamlea, ana kifafa. Jioni ileile nikasikia kwamba sasa imejulikana alikokipata.

Maneno yale hayakutoka hewani. Tegu wa nguruwe, ambaye wataalamu humwita Taenia solium, kweli huleta kifafa. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko na haijaiva, tegu anakua kwenye utumbo wake na mayai yanatoka na kinyesi. Akijisaidia porini, nguruwe anayezurura anakula mayai hayo, na vifuko vinaota kwenye nyama yake. Mayai hayohayo yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mkono usionawa au chakula kilichochafuliwa, vifuko vinaweza kuota hadi kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi alikoenea tegu huyu, takriban asilimia 30 ya kifafa inatokana naye. Wengi wetu tunachanganya hapa: nyama inakupa tegu wa tumboni, mayai ndiyo yanayopeleka vifuko kichwani. Kwa hiyo anayeweza kuwa hatari kwa familia ni mtu mwenye tegu tumboni, hata kama familia hiyo haijawahi kufuga nguruwe.

Afisa mifugo wetu alipofika hakuuliza vifuko ni vingapi. Aliuliza vilikuwa wapi. Vya tegu wa nguruwe hukaa ndani ya nyama yenyewe: ulimi, moyo, bega, paja. Ni vidogo, mara nyingi havizidi sentimeta moja, na ndiyo maana watu huvifananisha na punje za mchele. Vyangu vilikuwa vikubwa na vimening'inia kwenye utando. Alikuwa na shaka yake, lakini aliniambia, "Mama, jicho lisitudanganye. Tupeleke sampuli wapime vinasaba."

Ninaandika haya hasa kwa sababu ya sampuli, maana hapo ndipo wafugaji wengi tunapoharibu.

Kata kipande kidogo cha kifuko, kama punje ya harage, ukihakikisha lile doa jeupe limo. Kiweke kwenye chupa safi yenye kifuniko kinachobana, umimine spiriti (asilimia 70 inafaa) mpaka iwe nyingi kuliko kipande mara kadhaa. Usitumie fomalini. Fomalini inalinda umbo vizuri, lakini inaharibu vinasaba, na maabara watapokea kipande kizuri kisichosomeka. Kisha andika kwenye kikaratasi mnyama gani, kiungo gani, tarehe gani, na ukitumbukize ndani ya chupa. Andika kwa penseli. Mimi niliandika kwa kalamu ya wino, na kesho yake karatasi ilikuwa nyeupe na spiriti imekuwa ya bluu. Vifuko vilivyobaki vichome au uvifukie kwenye shimo refu, mbwa asivifikie.

Maabara wanachofanya kinaeleweka. Seli za tegu zina mitokondria nyingi, yaani vijisehemu vinavyozalisha nguvu ya seli, na mitokondria zina vinasaba vyake, kwa hiyo hata kipande kidogo kina nakala tele. Wanachagua sehemu moja, mara nyingi jeni iitwayo cox1, wanaizidisha kwa mashine ya PCR, wanasoma mpangilio wake na kuulinganisha na ile iliyohifadhiwa kwenye hazina za kimataifa za taarifa za vinasaba. Mpangilio huo unaonyesha hata asili ya ukoo: tegu wa nguruwe wa Afrika na wa Amerika ya Kusini ni wa kundi moja, wa Asia ni wa kundi lao.

Majibu yalikuja: Taenia hydatigena. Huyu ni tegu wa mbwa. Anapita kwa mbuzi, kondoo na nguruwe, na hajulikani kuwadhuru watu. Baadaye nikajua kwamba uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulimkuta mkoani Mbeya kwa karibu nusu ya mbuzi waliokaguliwa, na kwa nguruwe pia, ingawa wachache zaidi.

Kipimo cha damu kingetupoteza kabisa, kwa kuwa kile kinachotumika sana kwa nguruwe kinatambua jamii nzima ya Taenia bila kutenganisha aina. Na darubini je? Mayai ya tegu wa mbwa, wa ng'ombe na wa nguruwe yanafanana. Hata ya Echinococcus, tegu mwingine wa mbwa ambaye ni hatari sana kwa watu, yana sura hiyohiyo.

Nilikuwa tayari kuchimba choo kipya na kununua chanjo ya TSOL18, iliyotengenezwa kwa ajili ya tegu wa nguruwe. Choo tunakihitaji siku zote, lakini mlango wa tatizo langu ulikuwa kwingine. Nikaingia stoo ya pumba nikamkuta mbwa wetu amelala juu ya gunia lililo wazi, mahali pake pa kila siku. Na kila tulipochinja mbuzi, yeye ndiye aliyepewa matumbo na mapafu mabichi. Huko ndiko alikoweza kupata vifuko, na mayai yanayotoka na kinyesi chake yangeweza kuingia kwenye pumba wanayokula nguruwe.

Stoo sasa ina mlango na pumba inakaa kwenye mapipa yenye mifuniko. Matumbo tunayachemsha hasa au tunayafukia. Mbwa anapata dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli kila wiki sita kama tulivyoelekezwa, na kinyesi chake cha siku zinazofuata tunakizika, kwa kuwa dawa inaua tegu lakini haiui mayai.

Kuhusu mtoto, majibu ya nguruwe hayakusema lolote juu ya kichwa chake, na sikuwaambia majirani kwamba yamesema. Tulimpeleka hospitali akapigwa picha ya kichwa, na dawa zake anameza kila siku bila kukosa. Kama una mgonjwa wa kifafa nyumbani, msimpe dawa ya tegu kiholela. Prazikwanteli inaweza kushtua vifuko vilivyo kwenye ubongo na kumzidishia degedege, kwa hiyo daktari ndiye aamue.

Na siku ukipeleka chupa yako au ukipokea majibu ya damu, uliza swali moja kabla hujaondoka: kipimo hiki kinataja aina ya tegu, au kinasema tu kwamba tegu yupo?